Kibodi ndogo haitii mpangilio uliouweka: dalili na mahali pa kutazama

Kibodi ya asilimia 60 ya mtindo wa Kimarekani huwa na vitufe 61, ilhali kibodi kamili ina 104. Vingi kati ya vile 43 vilivyoondolewa havikuachishwa kazi. Mishale, Delete, Home, End na F1 hadi F12 vyote vimehamishiwa chini ya Fn. Kila mtu ana mahali pake anapotaka mshale ukae, kwa hiyo karibu kila mwenye kibodi ndogo huishia kuipanga upya, na akishaipanga kuna kitu kitagoma. Kitufe kimoja sasa kinabeba kazi tatu. Moja ikikataa, hujui uanzie wapi.

Anzia kwa kutafuta kosa liko ngazi gani. Ngazi ni tatu. Ya kwanza ni programu dhibiti iliyo ndani ya kibodi yenyewe (QMK, ZMK au ya kiwanda), inayoamua kitufe kitume msimbo gani. Ya pili ni mfumo endeshi, unaopokea msimbo na kuugeuza kuwa herufi. Ya tatu ni programu zinazonyakua vitufe katikati ya safari, kama PowerToys, Karabiner-Elements au keyd. Kibodi haitumi herufi hata siku moja. Kitufe cha A hutuma msimbo 0x04, na ni mfumo endeshi unaosema hiyo ni "a", au "q" kama umechagua mpangilio wa Kifaransa.

Kipimo cha haraka: chomeka kibodi kwenye kompyuta nyingine, au hata kwenye simu kwa adapta ya OTG (inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB). Kosa likihama na kibodi, limo ndani ya kibodi. Likibaki nyuma, limo kwenye kompyuta. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, kisha wanatumia jioni nzima kuhariri ngazi isiyohusika.

Herufi ziko sawa, alama zimehama

Shift na 2 inatoa " badala ya @. Shift na 3 inatoa £. Kitufe cha \ kinatoa #. Hapa kibodi haina kosa lolote: ni ya Kimarekani, na mfumo endeshi umeambiwa ni ya Uingereza. Ubaya ni kwamba katika hali hiyo \ yenyewe huipati kirahisi, maana Waingereza wameiweka kwenye kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z, na kibodi yako haina kitufe hicho. Badilisha mpangilio wa mfumo uwe English (US), basi. Usianze kurekebisha alama moja moja ndani ya kibodi, la sivyo utakuwa na kibodi inayoandika vizuri kwenye kompyuta moja tu duniani.

Kama alama zilikuwa sawa asubuhi na zimehama mchana, huenda umebonyeza Win na kitufe cha nafasi bila kukusudia. Kwenye Windows hiyo huhamisha mpangilio kwenda unaofuata katika orodha, na kwenye kibodi iliyobanana vidole hupotea njia kirahisi. Futa mipangilio usiyoitumia kwenye orodha hiyo na tatizo halitarudi.

Kuna moja linalotusumbua zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Unaandika ng'ombe, inatoka "ngómbe". Unaandika ng'ambo, inatoka "ngámbo". Umechagua United States-International, na humo ritifaa haitoki papo hapo. Husubiri herufi inayofuata ili iivishe alama ya mkazo. Kwa kuwa ng' ya Kiswahili hufuatwa na vokali karibu kila mara, kosa linajirudia bila kukuonea huruma. Kama unauhitaji mpangilio huo kwa ajili ya Kifaransa au Kireno, bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, kisha vokali. Kama huuhitaji, uondoe kabisa. Na kwenye kibodi za asilimia 40, ambako ritifaa mara nyingi hutupwa kwenye tabaka la pili (seti ya kazi za vitufe inayofunguka ukishikilia kitufe kama Fn), mwandishi wa Kiswahili ana haki ya kuirudisha tabaka la kwanza. Toa nukta mkato; hutaikumbuka.

Herufi zinafanya kazi isiyo yake

W, A, S na D zinasogeza kishale badala ya kuandika. Baadhi ya kibodi ndogo za michezo zina swichi iliyofichwa inayobadilishana WASD na mishale, mara nyingi Fn na W. Bonyeza tena.

U, I, O zinatoa 4, 5, 6 na J, K, L zinatoa 1, 2, 3: hiyo ni Num Lock kwenye kompyuta mpakato yenye pedi ya namba iliyojificha ndani ya herufi. Kibodi ndogo haina kitufe cha Num Lock, kwa hiyo izime kwenye kibodi ya kioo.

Kitufe cha Windows kimekufa lakini vingine vizima: kimefungwa kwa makusudi ili wachezaji wa gemu wasitoke mchezoni kwa bahati mbaya. Kwenye QMK msimbo unaokifunga na kukifungua ni GU_TOGG, na hali yake huhifadhiwa hata ukichomoa waya. Vivyo hivyo Alt na Win zikibadilishana nafasi: huenda umegusa msimbo wa AG_SWAP au AG_TOGG.

Kibodi imekuwa nzito, lazima ukandamize kila kitufe kwa muda ndipo kiitike: umewasha Filter Keys ya Windows kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde 8. Shift mara tano huwasha dada yake, Sticky Keys. Nenda kwenye mipangilio ya ufikivu, zima zote mbili, na uzime pia njia zao za mkato.

Maandishi yote yamekuwa uji, herufi nyingi haziko mahali pake? Waliohamia Dvorak au Colemak hukutana na hili. Wameweka mpangilio mpya ndani ya kibodi, kisha wakauchagua tena kwenye mfumo endeshi. Herufi zinatafsiriwa mara mbili. Chagua mahali pamoja. Ukiuweka ndani ya kibodi, unasafiri nao kila kompyuta unayogusa. Ukiuweka kwenye mfumo, mtu mwingine anaweza kuchomeka kibodi ya kawaida nawe ukaendelea kuandika kwa mtindo wako. Mimi huchagua kibodi, ila anayetumia zaidi kibodi ya kompyuta mpakato ana sababu ya kufanya kinyume.

VIA haioni kibodi, au inaiona lakini mabadiliko hayafanyi kazi

VIA ni programu ya kupanga upya vitufe vya kibodi za QMK. Ile ya kwenye kivinjari hutegemea WebHID (njia ya kivinjari kuongea na kibodi), na hiyo imo kwenye Chrome, Edge na jamaa zao wa Chromium. Firefox na Safari hazina. Ukishatumia kivinjari sahihi na bado kimya, angalia waya: uliotoka na taa au chaja unaweza kuwa wa kuchaji tu. Angalia kama kibodi iko kwenye Bluetooth, maana VIA huhitaji waya. Kwenye Linux, kivinjari huenda hakina ruhusa ya kugusa kifaa cha hidraw. Inabidi uongeze kanuni ya udev (inayotoa ruhusa za vifaa), kisha uchomoe na kuchomeka upya. Na kama kibodi ni mpya sokoni, VIA huenda haina maelezo yake, kwa hiyo pakua faili la JSON la mtengenezaji, washa kichupo cha Design kwenye mipangilio ya VIA, na ulipakie humo.

Hayo yote yakishindikana, yawezekana kibodi haitumii QMK. Nyingi za bei nafuu zina programu yao wenyewe, na hakuna ujanja wa kivinjari utakaoibadilisha.

Dalili ya pili ndiyo inayotia wazimu. Unabadilisha Caps Lock iwe Ctrl, VIA inaonyesha imebadilika, unabonyeza, taa ya Caps inawaka kama kawaida. Tazama nyuma au ubavuni mwa kibodi kama kuna swichi ya Mac na Windows. Kwenye Keychron, kwa mfano, upande wa Mac hutumia tabaka 0 na 1, na upande wa Windows hutumia 2 na 3. VIA hukufungulia tabaka 0. Wewe uko Windows. Umehariri chumba ambacho hukai.

Kabla ya kusasisha programu dhibiti, hifadhi mpangilio wako kwa kichupo cha Save + Load. Toleo jipya mara nyingi hufuta kila ulichopanga.

Matabaka: kitufe kiko pale, lakini hakiitiki

Hapa ndipo penye maswali mengi, na karibu yote yanajibiwa na kanuni moja ya QMK. Tabaka lililowashwa lenye namba kubwa zaidi ndilo husikilizwa kwanza. Kitufe chake kikiwa na alama ya ▽, ombi linapita na kushuka hadi tabaka lililowashwa chini yake. Kikiwa na msimbo, msimbo huo ndio unatumwa. Kikiwa kitupu, ombi linafia hapo hapo.

Tupu na ▽ si kitu kimoja. Ukishikilia Fn kisha Shift ikakataa kufanya kazi, nenda tabaka la Fn uangalie mahali pa Shift: utakuta patupu. Weka ▽. Ni desturi nzuri kujaza tabaka jipya lote kwa ▽ kwanza, kisha kuweka vile vitufe vichache unavyovitaka.

Dalili ya pili: MO(1), yaani kitufe kinachowasha tabaka 1 ukikishikilia, inafanya kazi ukiwa tabaka 0, lakini ukiwa tabaka 2 ukiibonyeza hakuna kinachobadilika. Tabaka 1 limewaka kweli, ila liko chini ya 2, na vitufe vya 2 vinalifunika. Kwa hiyo mwenye ile swichi ya Windows hapo juu lazima atumie MO(3), si MO(1). Ukipanga mwenyewe tangu mwanzo, weka matabaka ya kuandikia chini (0, 1) na ya kushikilia juu (2, 3). VIA kwa kawaida hukupa manne.

Dalili ya tatu: umeingia tabaka na huwezi kutoka. MO hutoka ukiachia kidole, kwa hiyo mtuhumiwa ni TG au TO. TG huwasha na kuzima kwa kitufe kile kile, lakini ikiwa tabaka la juu limeweka kitu kingine mahali hapo, umejifungia mlango na ufunguo umebaki ndani. TO huzima matabaka mengine yote isipokuwa la msingi na kukuacha ulipotua, kwa hiyo lazima huko uendako kuwe na TO(0) ya kukurudisha. Kwa sasa chomoa waya uuchomeke tena. Utarudi tabaka la mwanzo, kisha urekebishe.

Dalili ya nne ni ndogo lakini huchukua muda kuielewa. Umetengeneza kitufe cha LT ili kikigongwa kitoe ! na kikishikiliwa kifungue tabaka 1. Kikigongwa kinatoa 1. LT na mwenzake MT (ambayo ikishikiliwa huwa Ctrl, Shift na kadhalika) zina nafasi ya msimbo wa msingi tu, na ! ni 1 pamoja na Shift. Ile Shift inaangushwa njiani. Tumia alama isiyohitaji Shift, au uhamishe LT kwenye kitufe kingine.

Kugonga na kushikilia

Kitufe chenye kazi mbili huamua kwa saa. QMK kwa chaguo-msingi husubiri milisekunde 200: ukiachia kabla, umegonga, ukipitiliza, umeshikilia. Ndiyo sababu herufi ya kitufe hicho huonekana unapoinua kidole, si unapokishusha. Huo si ugonjwa. Pia kushikilia kitufe cha nafasi chenye LT hakutakupa nafasi mfululizo; gonga mara moja kisha shikilia haraka, na zitaanza kujirudia.

Shida yenyewe inaanza pale vitufe vya kati, A S D F na J K L ;, vinapopewa pia kazi za Ctrl, Alt, Shift na Win. Chukua A iliyofanywa Ctrl ikishikiliwa. Andika "hawa" kwa kasi yako ya kawaida. Kidole kidogo kimeshusha A, kabla hakijainuka kidole cha pete kimeshagonga W. Kibodi inasoma Ctrl+W na kichupo cha kivinjari kinafungwa usoni pako. Andika "safi", inasoma Ctrl+F, na kisanduku cha kutafuta kinafunguka. Kiswahili kimejaa a kuliko herufi nyingine yoyote, na ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu mtindo huu umepimwa kwa lugha zisizo na wingi huo.

Angalia kwanza kama umewasha HOLD_ON_OTHER_KEY_PRESS. Chaguo hilo huamua "ameshikilia" mara tu kitufe kingine kinapoguswa. Kwa kidole gumba kinachofungua tabaka ni zuri sana. Kwa herufi ni balaa. PERMISSIVE_HOLD ni pole kidogo, maana husubiri kitufe cha pili kibonyezwe na kuachiliwa ndipo iamue. Kisha ongeza muda kutoka 200 hadi 220 au 250 kwa vidole vidogo. Ikiwa toleo lako la QMK ni jipya, washa CHORDAL_HOLD, ambayo huhesabu vitufe viwili vya mkono mmoja kuwa vimegongwa tu, havikushikiliwa. A na W ni za mkono wa kushoto, kwa hiyo "hawa" inapona. FLOW_TAP_TERM nayo huzuia kushikilia kabisa ukiwa katikati ya neno. Kwenye ZMK kazi hiyo hufanywa na require-prior-idle-ms.

Mipangilio hii haionekani kwenye VIA ya kawaida. Nyingi huwekwa kwenye faili la config.h la QMK, kisha programu dhibiti hukusanywa upya. Vial, programu jamaa ya VIA, ina ukurasa wake wa QMK Settings unaokuruhusu kurekebisha muda na tabia hizo papo hapo, na kwa mtu anayetafuta namba inayomfaa hilo peke yake linatosha kuichagua.

Ukiniuliza, A iachwe iwe A. Caps Lock iko jirani, kubwa, na haina kazi. Happy Hacking Keyboard yenye vitufe 60 iliweka Control mahali hapo mwaka 1996, na bado sijaona hoja nzuri ya kuipinga.

Kosa limebaki kwenye kompyuta

Kwenye Windows, mabadiliko ya PowerToys hufanya kazi PowerToys ikiwa inaendelea kufanya kazi tu. Ndiyo maana kwenye skrini ya kuingia neno lako la siri linakataliwa: pale vitufe bado ni vya zamani. Yakigoma ndani ya programu moja pekee, programu hiyo pengine imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, na PowerToys nayo inabidi ifunguliwe hivyo. SharpKeys hupita njia nyingine, huandika kwenye rejista ya Windows, kwa hiyo haionyeshi matunda hadi uwashe kompyuta upya.

Kwenye macOS, ubadilishaji wa Caps Lock, Control na Command huwekwa kwa kila kibodi peke yake. Kama umebadilisha na kibodi ya nje haijali, fungua tena ukurasa wa Modifier Keys na uchague jina la kibodi hiyo pale juu. Karabiner-Elements ikikaa kimya, ni ruhusa ya Input Monitoring au kiendeshi chake hakijaidhinishwa.

Kwenye Linux, mpangilio uliowekwa kwa amri ya setxkbmap hupotea ukichomoa kibodi, na kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha) amri hiyo haina nguvu juu ya madirisha ya kawaida. Hamia keyd au kanata, zinazonasa vitufe chini zaidi.

Na Fn ya kompyuta mpakato? Mara nyingi haitumi msimbo wowote kwa mfumo endeshi; inashughulikiwa na chipu ya ndani. Hakuna programu itakayoweza kuhamisha kitu isichokiona.

Kibodi nzima, au kitufe kimoja, hakina uhai

Umechomeka kibodi huku umeshikilia Esc, na sasa haiandiki kitu. Kwenye QMK nyingi hilo hufuta mpangilio uliohifadhiwa na kuiingiza katika hali ya kusubiri programu dhibiti mpya. Chomoa, chomeka bila kugusa kitufe. Itaamka, na mpangilio wa kiwandani.

Inafanya kazi kwenye Windows ila si kwenye BIOS au kupitia kifaa cha KVM (cha kutumia kibodi moja kwa kompyuta kadhaa): zima NKRO, hali ya kutuma vitufe vingi kwa pamoja, kwa NK_TOGG. Vifaa hivyo vingi vinaelewa ripoti ya zamani tu, yenye vitufe sita kwa mkupuo pamoja na vinane vya aina ya Shift na Ctrl.

Kitufe kimoja kimya kwenye kibodi ya swichi za kuchomoka: toa swichi, tazama miguu yake miwili ya shaba. Mmoja umejikunja mara tisa kati ya kumi. Ukiwa mzima, gusanisha matundu mawili ya soketi kwa kibano. Herufi ikitokea, tupa swichi. Isipotokea, soketi imeachia bodi. Herufi ikijirudia mara mbili ukigonga mara moja, ongeza DEBOUNCE (muda wa kupuuza mtetemo wa swichi) kutoka milisekunde 5 hadi 8 au 10, au weka swichi nyingine.

Safu nzima au nguzo nzima ikikaa kimya kwa pamoja, acha kuhariri mpangilio. Vitufe hivyo vinashiriki njia moja ya umeme hadi kwenye chipu, na njia hiyo imekatika. Ni kazi ya chuma cha kulehemu. Mpaka kipatikane, hamishia herufi zilizopotea kwenye tabaka la Fn upande ulio mzima, na hakikisha Enter ni mojawapo.